Alama ya X Ukutani: Inachosema na Isichosema

Ukishuka kutoka Juja Road kuingia Huruma au Mathare, kuta zinakusemesha kabla ya watu. Kinyozi. Usikojoe hapa. Ploti hii haiuzwi. Chumba kipo, uliza keateka. Na hapa na pale, kando ya mlango au chini ya dirisha, kuna herufi moja tu iliyopakwa kwa rangi nyekundu: X.

Wakaazi wengi wa Eastlands wameizoea kiasi kwamba hawaioni tena. Watoto wanacheza bano chini yake, mama mboga anaegemeza meza hapo. Makala haya yanaeleza alama hiyo imetoka wapi, ina uzito gani kisheria, na mpangaji afanye nini akiikuta kwenye jengo analolala.

Tuanze na usiku wa Ijumaa, 29 Aprili 2016. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha Nairobi, na jengo la kupangisha lililokuwa karibu na mto huko Huruma likaanguka watu wakiwa ndani. Waliokufa walikuwa takriban 50. Waokoaji walichimba kwa siku kadhaa: mtoto mchanga alitolewa akiwa hai baada ya zaidi ya siku tatu, na siku ya sita wakapatikana wengine wanne wakipumua. Ripoti za wakati huo zilisema jengo lilikuwa na vyumba 119, kila kimoja kikipangishwa kwa takriban Sh3,500 kwa mwezi, na kwamba lilikuwa limejengwa bila idhini. Pia lilikuwa limeshaorodheshwa libomolewe.

Hilo la mwisho ndilo linalouma. Onyo lilikuwepo, na watu wakaendelea kulipa kodi.

Piga hesabu kidogo. Vyumba 119 mara Sh3,500 ni zaidi ya Sh400,000 kila mwezi. Mwenye jengo la aina hiyo hana haraka ya kulibomoa. Mpangaji naye ana dipoziti aliyokwisha kulipa, watoto shule ya jirani, na anajua kwamba chumba kingine cha bei hiyo huenda kiko katika jengo lisilo na tofauti. Kwa hiyo herufi moja ukutani inapambana na pesa nyingi upande mmoja na shida upande wa pili. Si ajabu ikishindwa.

Nani anapaka X?

Baada ya majengo kadhaa kuanguka jijini, likiwemo jingine la Huruma Januari 2015, serikali ya kitaifa iliunda kikosi cha ukaguzi wa majengo kinachojulikana kwa kifupi kama NBI. Wakaguzi wake walizunguka mitaani na kuweka alama kwenye majengo waliyoona ni hatari. Kaunti nayo ina maafisa wake wa mipango na ujenzi wenye mamlaka ya kusimamisha ujenzi usio na idhini.

Lakini si kila X inasema jengo ni bovu, na hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Alama hiyo hiyo hutumika kwa nyumba iliyojengwa kwenye ardhi ya barabara, kando ya reli, chini ya nyaya kubwa za umeme au kwenye ukingo wa mto. Nyumba ya mabati iliyo imara kabisa inaweza kuwa na X kwa sababu tu barabara itapita hapo. Mto Mathare ulipofurika Aprili na Mei 2024, serikali ya kitaifa iliamuru watu waondoke umbali wa mita 30 kutoka ukingoni, na nyumba nyingi zikabomolewa. Suala pale lilikuwa ardhi na maji. Ubora wa kuta haukuhusika. Kwa mpangaji tofauti hii ni kubwa: X ya barabara inakwambia utahama, ila X ya jengo bovu inakwambia usilale hapo hata leo.

Herufi yenyewe haikwambii ni ipi kati ya hizo mbili. Haisemi imewekwa na nani, lini, kwa sababu gani, wala ukaulize wapi.

Maelezo hayo yote yanapaswa kuwa kwenye karatasi. Sheria ya Mipango ya Ardhi ya mwaka 2019 inataka ilani ya utekelezaji ionyeshe kosa ni lipi, hatua gani zichukuliwe na kwa muda gani. Ilani hiyo hupewa mwenye jengo, anayelikalia, wakala au anayejenga, na asiyeridhika ana siku 14 za kukata rufaa mbele ya kamati ya upatanishi ya kaunti. Kwa kawaida karatasi huishia mikononi mwa mwenye nyumba au keateka, na mpangaji hubaki na rangi ya ukutani. Hata rangi hiyo haidumu. Imewahi kuripotiwa zaidi ya mara moja kwamba alama zilifutwa au kupakwa rangi mpya juu yake, vyumba vikapangishwa kwa wageni wasiojua lolote.

Penye tetemeko la ardhi

Sisi tunaomboleza majengo yaliyoanguka bila ardhi kutikisika, lakini kuna la kujifunza kutoka kwa waliotikiswa. Baada ya tetemeko la Januari 2010 nchini Haiti, wahandisi wa wizara ya ujenzi walikagua mamia ya maelfu ya nyumba na kupiga muhuri wa rangi tatu ukutani: kijani unaweza kukaa, manjano jengo linahitaji kukarabatiwa, nyekundu usiingie. Hata asiyejua kusoma alielewa akiwa ng'ambo ya barabara. Katika kuta za mji huo huo wa Port-au-Prince, mchoraji Jerry Rosembert Moïse alichora ramani ya nchi yake ikiwa na uso unaolia. Muhuri uliwaambia watu pa kulala, na mchoro ukawaambia kwamba msiba wao umeonekana.

Nairobi haijakosa wachoraji. Mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, Solomon Muyundo, anayejulikana kama Solo7, alizunguka Kibera akiandika maneno machache ya kuomba amani kwenye kuta, milango na mabati. Mwaka 2020, korona ilipoingia, vijana wa Mathare Roots walichora kwenye kuta za Mathare michoro mikubwa ya kuhimiza watu wajikinge. Na mkaazi wa Eastlands hahitaji kufundishwa grafiti: amepanda matatu za Buruburu, Umoja na Kayole zilizochorwa kuanzia boneti hadi mlango wa nyuma.

Michoro hiyo ilieleweka upesi kuliko mabango mengi ya serikali, na sababu haiko kwenye rangi pekee. Iliandikwa kwa lugha ya mtaa, mahali watu wanapopita kila siku, na mchoraji alikuwa mtu wa hapo ambaye unaweza kumuuliza alimaanisha nini. X haina hata kimoja kati ya hivyo. Kwa maoni ya mwandishi huyu, kando ya kila X pangeandikwa mstari mmoja wa Kiswahili wenye jina la ofisi, tarehe na sababu, wapangaji wengi wangefanya uamuzi tofauti. Gharama yake ni rangi kidogo zaidi.

Ukiikuta, fanya nini?

Ipige picha ikionyesha jengo zima, na uhifadhi tarehe. Muulize mwenye nyumba au keateka akuonyeshe ilani. Akikataa, nenda ofisi ya wadi au kwa chifu ukaulize ni idara gani iliyopaka. Usipojibiwa, andika ombi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili, na asiyeweza kuandika ana haki ya kuandikiwa na afisa anayelipokea. Kwa kawaida jibu hutakiwa ndani ya siku 21, lakini habari ikihusu uhai wa mtu, sheria inataka itolewe ndani ya saa 48. Taja jambo hilo wazi katika ombi lako, kwamba watu wanalala ndani ya jengo.

Unapotafuta chumba, tazama rangi mpya iliyopakwa kipande kimoja tu cha ukuta wa nje, hasa karibu na lango. Waulize majirani wa jengo la pili kabla ya kutoa dipoziti.

Na usingoje X ikiwa jengo lenyewe linasema. Juni 2017, jengo la Kware, Pipeline, lilionyesha nyufa kabla ya kuanguka, na wengi wa waliokaa humo walikuwa wamekwisha kutoka. Walionusurika hawakuokolewa na rangi, ila na nyufa zilizoonekana mapema. Ufa unaopita kwa mshazari ukutani, ufa kwenye nguzo au pale nguzo inapokutana na slabu, mlango uliokuwa ukifungika vizuri na sasa umekwama, plasta inayodondoka au milio usiku: hizo ni sababu za kutoka na watoto kwanza na kuacha sufuria nyuma. Kisha piga 999 au 112, au Msalaba Mwekundu kwa 1199.

Kwa ufa mdogo ambao huna hakika nao, chukua penseli. Chora mstari mfupi pale ufa unapoishia na uandike tarehe kando yake. Rudi uangalie baada ya siku chache. Ukikuta ufa umeupita mstari, waonyeshe majirani wa kila ghorofa, na mwende pamoja kuripoti.