Uyoga Umependelewa

Maduka yakiongezeka ghafla kando ya barabara kuu pale Iyunga, Mbeya, watu husema yameota kama uyoga. Mwingereza amekwenda mbali zaidi, uyoga kaufanya kitenzi: *to mushroom*. Mreno, na jirani zetu wa Msumbiji waliorithi lugha yake, watasema *como cogumelos*. Lugha tatu, bingwa mmoja. Mimi nakata rufaa.

Sehemu za uyoga karibu zote huwa zimekwishaumbwa ndani ya kitumba kidogo. Mvua ikinyesha, unafyonza maji na kufumuka tu. Taji lake halali ni la ukubwa. Uyoga wa vichuguu unaoota nchi jirani ya Zambia, *Termitomyces titanicus*, kofia yake huweza kufika mita moja. Hakuna uyoga wa kuliwa unaouzidi.

Taji la kasi ni la mwanzi. Rekodi ya dunia ni sentimita 91 kwa siku, kwa sababu chipukizi la mwanzi halirefuki nchani tu, hurefuka kwenye pingili nyingi kwa pamoja. Na mwanzi tunao: milanzi ya Iringa na Njombe. Wagema wa huko hawaiangalii kasi hiyo ikipita bure. Masika hukata ncha ya chipukizi, wakatega mbeta, yaani chombo cha mwanzi, na maji yaliyokuwa yaurefushe mmea yakadondokea humo. Ukiyanywa yakiwa mabichi ni mtogwa, matamu hata kwa asiyelewa. Yakilala, ndio ulanzi wenyewe, na mnywaji aangalie njia ya nyumbani. Kasi inayonyweka! Misindano ya Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya kupandwa nchini, haifiki hata nusu fainali. Huko subira ni ya miaka.

Kwa miji, nenda kwenye sensa. Mwaka 1967 Mbeya ilikuwa na watu kama 12,500. Mwaka 1978 walipita 76,000. Mara sita, kwa miaka 11. Katikati hapo ilipita barabara ya lami ya Zambia, likapita bomba la mafuta la TAZAMA, kisha TAZARA, kilomita 1,860 za reli zilizojengwa kati ya 1970 na 1975, kituo cha Mbeya kikawekwa upande wa Iyunga. Mreno ana neno linalofaa hapa kuliko uyoga: *a olhos vistos*, kukua huku macho yanaona.

Lakini kati ya 2012 na 2022 jiji lilitoka watu 385,279 hadi 541,603. Hata mara moja na nusu haikufika.