Leseni ya nyumbani ina miezi 12 tu Uingereza

Vitu vingi anavyobeba mtu wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala anapohamia Uingereza hudumu: vyeti vya shule, ufundi wa mikono, hata sufuria. Leseni ya udereva haidumu. Huko thamani yake ni kamili kwa miezi 12, kuanzia siku mwenyewe anapokuwa mkazi, na mwezi wa 13 unapoingia inashuka hadi sifuri hata kama kadi imeandikwa kwamba itaisha miaka 2 mbele.

Jambo hili linawagusa wafanyabiashara wa hapa kuliko wengi wanavyodhani. Wapo waliouza kiwanja au kupunguza mtaji wa duka ili kumgharimia ndugu nauli na ada ya viza, hasa kati ya Februari 2022 na Julai 2025, kipindi ambacho Uingereza ilikuwa ikiajiri wahudumu wa wazee na wagonjwa kutoka nchi za nje. Kazi nyingi za aina hiyo ni za kuzunguka nyumba hadi nyumba, na mwajiri hutaka mtu mwenye leseni na gari. Leseni ikifa, zamu zinapungua; zamu zikipungua, fedha hazitumwi; na aliyekopesha nauli anaendelea kungoja. Kwa sababu hiyo leseni iingizwe katika hesabu ya mtaji tangu mwanzo, kama ilivyoingizwa tiketi ya ndege.

MIEZI INAVYOHESABIWA

Sheria inayoelezwa hapa ni ya England, Scotland na Wales, ambako leseni hutolewa na idara iitwayo DVLA, yenye makao yake Swansea. Ireland ya Kaskazini ina idara yake na ada zake.

Miezi 12 huhesabiwa tangu mtu alipoanza kuishi huko. Haihesabiwi tangu aliponunua gari, wala tangu alipopata kazi. Safari ya wiki 3 kuja kuzika au kuoa nyumbani haiirudishi saa nyuma. Kile kijitabu cha leseni ya kimataifa, ambacho wengine hukilipia kabla ya kuondoka wakidhani ndiyo kinga, ni tafsiri ya leseni ya nyumbani tu. Hakiongezi hata siku moja.

Aidha, leseni ya nyumbani lazima iwe hai katika muda huo wote. Anayeondoka Kenya na leseni iliyobakiza miezi 4 ana miezi 4, si 12. Kwa kuwa Kenya leseni hulipiwa kwa mwaka 1 au miaka 3 kupitia NTSA, ni heri kulipia ya miaka 3 kabla ya kupanda ndege. Kwa Mtanzania shughuli hiyo ni ya TRA, na picha na alama za vidole ni rahisi kuzitoa ukiwa Ilala kuliko ukiwa Leicester.

Madereva wa malori wasikie hili mapema. Ruhusa ya miezi 12 ni ya pikipiki na magari madogo, yaani yasiyozidi tani 3.5 na viti 8 vya abiria. Mtu aliyevuta trela kutoka Mombasa hadi Malaba kwa miaka 15 hawezi kuketi nyuma ya usukani wa lori la huko kwa leseni hiyo. Huanza na mtihani wa gari dogo, ndipo aombe ruhusa ya kujifunza lori, apimwe afya, na afanye mitihani ya malori pamoja na cheti cha taaluma ya udereva. Anayemkopesha dereva wa lori akitarajia mishahara ya malori katika miezi 3 ya kwanza amekosea hesabu.

NANI HUBADILISHA BILA MTIHANI

Zipo nchi ambazo leseni zake hubadilishwa moja kwa moja kwa pauni 43, mradi mwenyewe aombe ndani ya miaka 5 tangu awe mkazi. Miongoni mwake ni Australia, Kanada, Japani, New Zealand, Singapore na Uswisi. Kwa Afrika zimo Afrika Kusini na Zimbabwe. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi hazimo.

Hata hivyo, tangu mwaka 2021 Umoja wa Falme za Kiarabu umo katika orodha hiyo. Habari hii ina uzito kwa watu wa pwani, kwani wengi hupitia Dubai au Sharjah kabla ya kwenda Ulaya. Mkenya aliyefanya na kufaulu mtihani wa udereva Dubai ana leseni inayobadilishika Uingereza, wakati ile aliyopewa Nairobi haibadilishiki. Kinachotazamwa ni mahali mtihani ulipofanyiwa. Leseni ya nchi iliyomo orodhani ambayo nayo ilipatikana kwa kubadilisha ya nchi nyingine haitoi nafuu hiyo. Ujanja wa kupitisha leseni ya Dar katika nchi ya tatu ili itoke na sura mpya umekwishazibwa.

GHARAMA NA FOLENI

Asiye na njia hiyo huanza upya kama kijana wa miaka 17. Kwanza ni leseni ya kujifunzia, yaani lena, ambayo ni pauni 34 kwa mtandao na pauni 43 kwa posta. Mwombaji awe na kibali cha kuishi nchini kwa siku zisizopungua 185, na aeleze anwani zake zote za miaka 3 iliyopita, zikiwamo za huku nyumbani. Anayeomba lena kabla miezi 12 haijaisha anaendelea kuendesha kwa leseni ya nyumbani kama kawaida, bila vibao wala msimamizi, mpaka muda huo ufike. Kwa hiyo hakuna hasara yoyote ya kuomba mapema.

Pili ni mtihani wa nadharia, pauni 23. Una maswali 50, na anayefaulu ni aliyepata 43. Baada ya hapo huonyeshwa vipande 14 vya filamu za barabarani, naye abonyeze kitufe kila aonapo hatari inakuja. Hapo hutakiwa alama 44 kati ya 75. Tangu Aprili 2014 hakuna tena tafsiri za lugha za kigeni. Takribani nusu ya wafanyao mtihani huu huanguka. Wengi wa watu wetu huangukia kwenye filamu, kwa sababu mtu aliyeendesha Mandela Road miaka 10 haoni hatari mahali ambapo mtahini anaiona. Cheti cha kufaulu hudumu miaka 2.

Tatu ni mtihani wa barabarani, pauni 62 siku za kazi na pauni 75 jioni au mwisho wa wiki. Jumla ya ada zote tatu kwa bei ya chini ni pauni 119, kabla ya masomo. Mwalimu hutoza kati ya pauni 30 na 45 kwa saa katika miji mingi. Dereva mzoefu akichukua saa 10 kwa pauni 35, mzigo mzima unafika pauni 469. Msomaji atageuza mwenyewe kwa bei ya duka la fedha ya siku hiyo.

Fedha, hata hivyo, si tatizo kubwa kuliko yote. Tatizo ni foleni. Tangu ule ugonjwa wa korona wa mwaka 2020 nafasi za mtihani wa barabarani zimekuwa adimu, na katika mwaka 2025 wastani wa kungoja ulipita wiki 20. Vituo vingi vilifika kikomo cha wiki 24, ambacho ndicho mwisho wa kalenda ya kuweka nafasi. Penye uhaba walanguzi hawakosekani. Watu walitumia programu za kompyuta kunyakua nafasi za pauni 62 na kuziuza kwa bei ya kuruka, nyingine kufikia mamia ya pauni. Msomaji anayekumbuka sukari ya miaka ya 1980 hahitaji kuelezwa zaidi. Novemba 2025 serikali ya huko ilitangaza kwamba mwanafunzi mwenyewe tu ndiye atakayeruhusiwa kuweka nafasi yake, ili kuvunja biashara hiyo.

Hesabu ya wiki ni hii. Mwaka una wiki 52. Lena kwa posta huchukua kama wiki 3. Kujiandaa na kufanya nadharia, tuseme wiki 6, na nafasi ya barabarani haiwekwi kabla ya kufaulu nadharia. Ongeza wiki 24 za kungoja, jumla ni wiki 33. Akianguka, na chini ya nusu ndio hufaulu kwa kila mtihani unaofanywa, atafute nafasi nyingine: wiki 20 tena. Jumla ni 53. Aliyeanza siku ile ile aliyoshuka Heathrow na akaanguka mara moja amekwishavuka mstari kwa wiki moja. Aliyesema ngoja kwanza nizoee baridi, akaanza mwezi wa 5, hana nafasi ya kuanguka hata mara moja.

Hapo ndipo saa 10 za mwalimu zinapokuwa bei rahisi. Anayeingia kwenye mtihani bila masomo anaokoa pauni 350 na kuhatarisha miezi 5 ya mshahara wa zamu za gari.

ANACHOANGUKIA MZOEFU

Mtu wa Kenya, Tanzania au Uganda ana faida moja ambayo Mfaransa au Mmarekani hana: huko pia hupitia kushoto, na usukani uko kulia. Kubadilisha gia na kukadiria upana wa gari havimsumbui. Kinachomwangusha ni mazoea. Mtihani huchukua kama dakika 40. Makosa madogo 15 husamehewa, kosa kubwa 1 halisamehewi. Kutotazama kioo kabla ya kuhama njia, kuingia kwenye kipilefti bila kungoja aliye kulia kwake, kukata kona kwa mkono mmoja, kumpita mwendesha baiskeli karibu mno, kutosimama penye zebra: hayo hapa hupita kila asubuhi bila mtu kuinua macho. Wales ina jingine. Tangu Septemba 2023 mwendo katika mitaa mingi ni maili 20 kwa saa, na mzoefu huona kama gari limesimama.

Anayechukua mtihani kwa gari la otomatiki kwa sababu ni rahisi ajue kwamba leseni atakayopewa itamruhusu gari la otomatiki tu. Mwajiri mwenye magari ya gia za mkono hatamfaa.

BIMA

Mwezi wa 13 ukimkuta mtu bila kufaulu, anageuka mwanafunzi kamili. Abandike vibao vya herufi L nyekundu, akae na msimamizi mwenye umri wa miaka 21 au zaidi aliyekuwa na leseni kwa miaka 3, na bima yake iwe ya mwanafunzi. Anayeendelea kuendesha peke yake kwenda zamu za usiku anacheza na vitu viwili. Kuendesha kinyume cha leseni hutozwa faini ya hadi pauni 1,000. Kibaya zaidi, kampuni ya bima iliambiwa kwamba dereva ana leseni kamili. Akikamatwa bila bima halali ni pauni 300 papo hapo na alama 6 za makosa, polisi wanaweza kulichukua gari, na kesi ikifika mahakamani faini haina kikomo. Alama hizo 6 zina makali ya pekee: dereva mpya anayezifikisha ndani ya miaka 2 baada ya kufaulu hunyang'anywa leseni na kurudi kwenye lena, nadharia na foleni.

Wapo pia wenye leseni safi ambao bima yao haifai. Bima ya kawaida ni ya matembezi binafsi na, ikiongezwa, ya kwenda kazini na kurudi. Kuzunguka nyumba 8 za wagonjwa kwa siku moja ni biashara, na hutaka bima ya biashara. Wanaobeba chakula au vifurushi hutaka ya aina nyingine tena, ambayo ni ghali zaidi.

KUIHUISHA

Akishafaulu, mzigo unapungua. Kadi ya picha hudumu miaka 10 na kuihuisha ni pauni 14 kwa mtandao. Haki yenyewe ya kuendesha huenda hadi umri wa miaka 70, kisha huombwa upya kila baada ya miaka 3. Lakini kwa mgeni leseni hiyo imefungwa pamoja na kibali cha kuishi. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 2014 inaipa DVLA uwezo wa kufuta leseni ya mtu asiye na haki ya kuwapo nchini, kwa hiyo kibali kinachochelewa kuhuishwa huweza kuondoka na leseni pia.

Na anayerudi nyumbani moja kwa moja hawezi kuihuisha kadi ya Uingereza akiwa Arusha au Kisumu, kwa kuwa sharti la kuihuisha ni kuishi huko. Wengi hugundua hivyo siku kadi imeisha, na wakati huo ile ya nyumbani nayo imelala miaka kadhaa bila kulipiwa. Ada ya leseni ya nyumbani ni ndogo. Walio nje huilipia kwa mtandao panapowezekana, au huitengeneza wanapokuja likizo, huku ile ya ugenini ikiendelea na kazi.