Taa ya Injini Ikiwaka, Pima Kabla Hujanunua

Siku hizi wakulima wengi wa Munje na Msambweni hupeleka nazi, mihogo na maembe sokoni kwa magari madogo yaliyokwisha tumika Japani. Magari haya yana kompyuta, nayo huwasha taa ya manjano yenye picha ya injini ikiona kasoro. Mara nyingi fundi husema, "Sensa imekufa." Mwenye gari hununua nyingine, na baada ya siku mbili taa huwaka tena. Fedha za nazi zimekwenda bure. Basi msomaji, yafaa ujue namna ya kupata ukweli kwanza.

KAZI YAKE

Kihisi cha oksijeni, ambacho mafundi hukiita sensa, chafanana na plagi, nacho hufungwa katika bomba la moshi. Kilitumika kwanza katika magari ya Volvo mwaka 1976, kikiwa kimetengenezwa na Bosch wa Ujerumani. Kazi yake ni kuonja moshi. Kilo 1 ya petroli yahitaji hewa kilo 14.7 hivi ili iungue sawasawa. Oksijeni ikibaki nyingi katika moshi, kihisi hutoa umeme kidogo, kama volti 0.1. Ikikosekana, hutoa kama volti 0.9. Kompyuta husoma umeme huo, ikaongeza petroli au kuipunguza. Kihisi kikiharibika, kompyuta hukisia tu: gari hula petroli nyingi na pengine hutoa moshi mweusi.

UCHUNGUZI

Fuata mambo haya kwa utaratibu.

1. Namba ya kosa. Fundi aunganishe mashine ya kusomea kompyuta ya gari, nawe uiandike namba. P0135 yaonyesha kasoro katika umeme wa kukipasha kihisi joto. P0171 yasema hewa imezidi petroli. Haisemi kwamba kihisi kimekufa.

2. Bomba la moshi. Hapa kwetu hewa ya chumvi hula chuma upesi. Bomba likitoboka karibu na kihisi, hewa ya nje huingia. Kihisi huonja oksijeni hiyo na kusema kweli, lakini kompyuta hudhani petroli ni haba, nayo huongeza. Hapo dawa ni kuchomelea tundu, wala si kununua kihisi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

3. Nyaya. Zima injini, ngoja bomba lipoe, kisha uchomoe kiungo cha nyaya. Tazama kutu ya kijani, waya uliokatika au ulioungua kwa kugusa bomba. Safisha kutu, rudisha, kisha ujaribu gari.

4. Kupima. Kihisi hakifanyi kazi mpaka kipate joto la nyuzi 300 hivi, kwa hiyo injini iwe moto. Fundi apime waya wa ishara kwa mita ya umeme. Volti zipande na kushuka kati ya 0.1 na 0.9 mara kadhaa katika sekunde kumi. Zikisimama mahali pamoja hata petroli au hewa ibadilishwe, hali nyaya na bomba ni vizima, hapo kihisi kimekufa. Lakini angalia: magari mengine mapya yana kihisi cha namna nyingine, na volti hizi hazikihusu. Hayo sharti yapimwe kwa mashine.

KUBADILISHA

Nunua kihisi kinacholingana na gari lako, chenye idadi ileile ya nyaya. Tia mafuta ya kulegezea nati katika kile cha zamani, kisha ukifungue kwa spana yake. Usiguse ncha ya kihisi kipya, wala usiipake grisi. Gundi ya silikoni isiyo ya kihisi isitumiwe karibu na injini, maana mvuke wake hukiua. Ukimaliza, fundi afute namba ya kosa, nawe uliendeshe gari siku chache.

Jambo la mwisho: chunguza kwa nini cha kwanza kilikufa. Injini ikila oili na kutoa moshi wa buluu, kihisi kipya nacho kitaharibika vilevile. Tengeneza injini kwanza. Na fundi akikuambia sensa imekufa, mwulize kwa upole: "Fundi, umeipima?"