Ugonjwa Ukiwa Mkoa wa Jirani

Mwezi Machi 2023 baadhi ya wanakijiji wa Wilaya ya Bukoba, mkoani Kagera, waliugua homa kali, kutapika na kutokwa damu. Mgonjwa wa kwanza alikuwa ametoka kisiwa cha Goziba, Ziwa Victoria. Nduguze waliomwuguza nao wakaugua. Sampuli zilipelekwa kupimwa Dar es Salaam, na tarehe 21 Machi Serikali ikatangaza kuwa ni ugonjwa wa Marburg. Waliougua walikuwa 9. Walikufa 6, mmoja wao mtumishi wa afya.

Wataalamu walitumwa Kagera. Watu zaidi ya 200 waliokuwa karibu na wagonjwa walifuatiliwa kwa siku 21, maana dalili huweza kuchelewa hivyo. Tarehe 2 Juni ugonjwa ukatangazwa kuwa umekwisha.

Je, mkoa mmoja husaidiaje mwingine? Sisi wauguzi tunajua kwamba msaada usioulizwa huweza kuwa mzigo. Kila mtu akituma apendacho, stoo hujaa dawa zisizohitajika, huku mipira ya mikono ikiisha. Kwa hiyo Mganga Mkuu wa Mkoa ndiye aulizwe kwanza: zinahitajika dripu, klorini, aproni au watumishi? Parokia inayotaka kuchangia nayo iulize kabla ya kukusanya. Tusipeleke dawa zilizobaki nyumbani.

Msaada mkubwa zaidi unaanzia katika familia zetu:

1. Ndugu akiugua penye mlipuko, tusimpakie basi ili tumwuguze kwetu. Apelekwe kituo cha afya cha huko huko. Sisi tutume fedha za matumizi.

2. Akifariki, tusisafirishe maiti wala kuiosha wenyewe. Marburg huambukiza kwa majimaji ya mwili, hata ya marehemu. Ni uchungu mkubwa kutomzika ndugu nyumbani, lakini tusizike na wengine.

3. Aliyetoka huko aseme ukweli zahanati inapomwuliza. Tusimkimbie wala kumsema vibaya, maana mwenye kuogopa aibu hujificha.

Marburg ilirudi Kagera Januari 2025, safari hii wilayani Biharamulo. Hadi sasa hakuna chanjo wala dawa yake iliyoidhinishwa, ila mgonjwa akiwahi kupewa maji na matunzo huweza kupona. Huko Bukoba walipona 3.

Wahenga walisema: Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.