Kwa Nini Tairi Hushika Barabara

Swali la kama tairi laini la pikipiki za mashindano lingemfaa mwendesha bodaboda wa Ihanda, anayepandisha abiria na kushusha mikungu ya ndizi katika vilima vya Karagwe na Kyerwa, huzuka tairi la nyuma linapobaki kipara, na jibu lake limo katika tabia moja ya mpira inayostahili kuitwa ukawiaji, yaani kuchelewa kwa mpira uliobonyezwa kurudi katika umbo lake.

Donge la unga wa chapati lililokandwa na kuachwa lilainike huuonyesha vizuri kuliko mchoro wowote. Kidole gumba kikilibonyeza kisha kikainuliwa, shimo hubaki kwa muda na kujaa taratibu. Kikiburutwa juu ya donge, unga hujikusanya mbele yake na kukisukuma kinyume, ilhali nyuma kunabaki mfereji ambao bado haujajaa, hivyo hakuna kinachokisukuma kusonga mbele. Laiti unga ungerudi papo hapo, ule wa nyuma ungekisukuma kidole kwa nguvu sawa na inayokizuia mbele, nguvu hizo mbili zingefutana, na kidole kingeteleza. Katika lami ya kutoka Kyaka hadi Bugene, kila ncha ya kokoto iliyochomoza ni kidole gumba, na tairi ndilo donge: breki inapokanyagwa, mpira huigandamiza kila ncha upande mmoja zaidi ya mwingine, na jumla ya migandamizo hiyo midogo isiyolingana ni sehemu kubwa ya kile anachokimaanisha dereva anaposema kwamba breki imekamata. Hata mvua ikinyesha nguvu hii haitoweki, mradi mifereji ya tairi imeyatoa maji njiani, kwa maana inatokana na kubonyea kwa mpira wenyewe; kunatana kwa molekuli za mpira na za jiwe, ambako ni chanzo cha pili cha mshiko, ndiko kunakovurugwa na utando wa maji.

Ukawiaji una gharama, kwani nishati isiyorudishwa hugeuka joto, na tairi linalokawia kila linapozunguka hula mafuta. Mwaka 1992 kampuni ya Michelin ilileta tairi la gari lenye silika, madini yanayopunguza ukawiaji katika mabonyeo ya polepole ya gurudumu na kuuacha katika mitikisiko ya kasi ambamo breki hufanya kazi. Ni ujanja wa kupendeza mno.

Tairi la mashindano limeundwa kwa joto jingine kabisa. Kampuni hiyohiyo, ambayo mwaka 2016 ilianza kuyapatia peke yake mashindano ya pikipiki ya MotoGP matairi, huona matairi yake yakifungwa blanketi za umeme kabla ya mbio, kwa sababu yakiwa ya baridi hayashiki ipasavyo. Isitoshe, katika barabara za changarawe na udongo mwekundu kokoto zenyewe huhama, hivyo tairi huhitaji kashata, yaani vinundu vya mpira vilivyochomoza usoni mwake, ili lijichimbie ardhini. Rimu za pikipiki za mashindano na za bodaboda mara nyingi zina kipenyo cha inchi 17, lakini usawa unaishia hapo, kwani tairi la mashindano la 180/55 ZR17 lina upana wa milimita 180, na rimu nyembamba ya bodaboda haiwezi kulibeba.

Kwa pikipiki ambayo mtengenezaji wake ameandika 3.00-17 nyuma, tairi la kununua ni la kipimo hichohicho, lenye kashata zilizoachana na alama ya 6PR, inayoonyesha uimara wa matabaka yake. Alama ya 50P humaanisha kwamba tairi hubeba hadi kilo 190 na huhimili mwendo wa kilomita 150 kwa saa. Kabla ya kulipa, mnunuzi azitafute ubavuni tarakimu nne za tarehe: 1424 ni wiki ya 14 ya mwaka 2024, na tairi lililokaa rafuni miaka mingi likakauka lirudishwe kwa muuzaji, hata likiwa na kashata zote.