Nyanya na Wakati Wake Chunguni

Nyanya zinapoiva kwa wingi bei hushuka, na mama wa nyumbani hununua debe zima. Juma likiisha nusu yake imeoza. Kosa si la nyanya, bali ni kuzitumia kwa mchuzi tu.

Kwanza yafaa kujua jambo la maharagwe. Wengi hutia nyanya chunguni pamoja na maharagwe makavu, kisha hushangaa kuona kuni zimekwisha nayo yangali magumu. Ukali wa nyanya huyachelewesha kulainika. Yachemshe mpaka yaive, ndipo utie nyanya zilizokaangwa na vitunguu. Nyanya zisizopikwa, kama za kachumbari, zikiliwa pamoja nayo husaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo ndani yake. Lakini kachumbari itiwe chumvi wakati wa kula, isije ikajaa maji.

Zilizobaki zipasue, uzinyunyizie chumvi, uzianike juani penye upepo, chini ya kitambaa chepesi cha kuzuia nzi, hata zikauke kama ngozi. Zihifadhi katika chupa kavu yenye kifuniko. Konzi moja yatosha sufuria ya mchicha, siku ambazo nyanya sokoni hazishikiki kwa bei.