Kungoja Protoni Ife

Mwaka 1951 kijana aliyesomea Cambridge alirudi Lahore, Pakistani, kufundisha hisabati. Aliitwa Abdus Salam, mwana wa Punjab aliyekulia katika mji mdogo wa Jhang. Hakukuta mtafiti mwenzake wa kujadiliana naye fizikia aliyokuwa akiifanya, na baada ya miaka mitatu akarejea Uingereza. Upweke ule hakuusahau. Mwaka 1964 alianzisha kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia huko Trieste, Italia, ili wanasayansi wa nchi maskini wasilazimike kuchagua kati ya kwao na kazi yao. Tangu 2018 kituo hicho kina taasisi mshirika Kigali, katika Chuo Kikuu cha Rwanda.

Namtanguliza Salam kwa makusudi. Habari za nadharia moja ya kuunganisha kani zote za maumbile kwa kawaida huanza na Einstein, ilhali Einstein hakufika. Alihangaika karibu miaka 30 kuunganisha uvutano na sumakuumeme, akafariki Princeton mwaka 1955 bila jibu.

Kani zenyewe ni nne. Uvutano unatushikilia ardhini na kuuzungusha mwezi. Sumakuumeme ndiyo umeme, mwanga na kila kinachoifunga elektroni kwenye atomi yake. Kwamba umeme na usumaku ni kitu kimoja, James Clerk Maxwell alilionyesha hilo kwa hesabu mwaka 1865. Kani kuu ya nyuklia inakibana kiini cha atomi kisisambaratike. Kani dhaifu ya nyuklia hugeuza chembe ya aina moja kuwa ya aina nyingine, na bila hiyo jua lisingewaka.

Katika miaka ya 1960 Salam na Mmarekani Steven Weinberg, kila mtu kwa njia yake, na wakiendeleza fikra za Sheldon Glashow, walionyesha kuwa sumakuumeme na kani dhaifu zina chimbuko moja. Zinaonekana tofauti kwa sababu chembe zinazobeba kani dhaifu ni nzito mno, na ile inayobeba sumakuumeme haina uzito kabisa. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Chembe nzito zenyewe, W na Z, zilinaswa mwaka 1983 katika maabara ya CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa: W ina uzito wa protoni 86 hivi, yaani zile chembe zilizomo katika kiini cha atomi, na Z protoni 97. Nadharia ilitaja uzito huo kabla mtu yeyote hajaziona.

Ikabaki kuivuta kani kuu iingie katika muungano huo. Salam na Jogesh Pati, mzaliwa wa India, walilijaribu hilo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Glashow na Howard Georgi wakatoa toleo lao mwaka 1974. Matoleo hayo yalikuja na tokeo la kushtua: protoni, tuliyoidhani ya milele, siku moja itavunjika. Hesabu za toleo la Georgi na Glashow zilitoa umri wa miaka ipatayo moja ikifuatwa na sufuri 30, na ulimwengu wenyewe una miaka bilioni 13.8 tu.

Utaipimaje ahadi kama hiyo? Anayengoja nazi idondoke akikaa chini ya mnazi mmoja atachoka. Aliangalie shamba zima. Maji yana protoni tele, basi wanafizikia wakajaza matangi chini ya ardhi, mbali na mionzi ya angani: moja katika mgodi wa chumvi huko Ohio, Marekani, jingine la tani 3,000 katika mgodi wa Kamioka, Japani. Hapohapo Kamioka, kilomita moja chini ya mlima, mwaka 1996 likaanza kazi tangi la tani 50,000, Super-Kamiokande, lenye vitambuzi vya mwanga zaidi ya 11,000.

Hakuna protoni iliyoonekana kufa. Toleo la Georgi na Glashow lilikataliwa tangu miaka ya 1980, na leo tunajua kuwa, kwa namna ya kuvunjika iliyotarajiwa zaidi, umri wa protoni unazidi miaka moja ikifuatwa na sufuri 34. Matangi hayakupoteza kazi. Mwaka 1987 lile la kwanza la Kamioka lilinasa nyutrino, chembe hafifu zisizo na chaji, za nyota iliyolipuka nje ya kundi letu la nyota, na mwaka 1998 Super-Kamiokande likathibitisha kuwa nyutrino zina uzito. Kwangu mimi, nadharia iliyokubali kutaja kitakachoiangusha imeiheshimu sayansi hata ilipoanguka.

Uvutano ndio mgumu. Sumaku ndogo huinua pini huku dunia nzima ikiivuta chini. Hivyo ndivyo ulivyo hafifu. Nadharia ya nyuzi inajaribu kuuingiza kwa kuongeza vipimo vya anga na wakati hadi kumi, lakini kuipima moja kwa moja kungetaka nishati karibu mara milioni bilioni ya ile ya mtambo wa CERN wenye mzingo wa kilomita 27. Hesabu zake ni nzuri sana. Siwezi kukubali kuwa uzuri huo unatosha, na naona fedha za umma ziende kwanza kwenye maswali yanayoweza kujibiwa. Japani imekwisha kuamua: karibu na Kamioka inajenga tangi jipya, Hyper-Kamiokande, litakalobeba tani zipatazo 260,000 za maji.